Kurudi kwa Ezio: Assassin's Creed II ya kompyuta, ya PS4 au ya Switch?

Mpanda Minara:
Wakuu, salaam. Assassin's Creed II (AC II), gemu ya Ezio, muuaji wa siri wa Italia ya kale, ilitoka Novemba 2009 kwenye PS3 na Xbox 360, kompyuta zikaipata Machi 2010. Anayetaka kuirudia leo ana njia tatu: nakala ya zamani ya kompyuta, The Ezio Collection (AC II pamoja na gemu zilizofuata, Brotherhood na Revelations) ya PS4 na Xbox One (2016), au collection hiyohiyo ya Switch (2022). Vifaa vilivyopo ni kompyuta mpakato yenye RAM GB 8, haina kadi ya michoro ya pekee, pamoja na PS4 ya kawaida. Lengo ni kumaliza kila kitu, manyoya 100 yaliyofichwa mijini yakiwemo. Ipi inalipa?

Jini la Paa:
Mkuu, kompyuta hiyo inatosha na chenji inabaki. Gemu ilidai prosesa ya Core 2 Duo ya GHz 1.8, RAM GB 2 kwenye Windows 7, kadi ya MB 256 na nafasi ya GB 8. Michoro iliyomo ndani ya prosesa ya miaka ya karibuni inaibeba.

Tabu ni kibodi. Maelekezo ya kwenye kioo hayataji herufi ya kubonyeza. Yanakuonyesha alama ya kichwa, mkono au miguu, wewe ukumbuke kipi ni kipi huku mwenye mkuki anakufuata. Tafuta pedi ya Xbox, uichomeke kabla ya kuwasha gemu.

Jambo la pili ni hifadhi. Gemu inajihifadhi yenyewe juu ya faili lilelile, huna pa kurudi. Funga gemu, zima uhifadhi wa wingu kwenye mipangilio ya Ubisoft Connect (programu inayoendesha gemu za Ubisoft), kisha nakili folda ya savegames iliyomo Program Files (x86)\Ubisoft\Ubisoft Game Launcher. Ukiacha wingu likiwa wazi, faili la zamani la huko linaweza kufuta jipya lako.

Dada Pedi:
Mimi kura yangu PS4. Picha 1080p, fremu 30 kwa sekunde, na sura ya 12 na 13 zimo ndani. Hapo ndipo wanaonunua diski za mtumba za PS3 wanapoumia: sura hizo mbili ziliuzwa kando mwaka 2010, kwa hiyo diski tupu inakurusha kutoka ya 11, mwaka 1488, hadi ya 14, mwaka 1499. Unaambiwa kumbukumbu zimeharibika, basi. Vita vya mji wa Forlì huvioni, mtawa Savonarola humwoni. Nakala ya kompyuta inazo pia.

Collection haina mchezo wa wengi wa Brotherhood na Revelations. Si hasara kubwa, maana seva za Brotherhood zilizimwa Oktoba 2022.

Kichwa Ngumu:
Mnahangaika bure, chezeni Brotherhood. AC II walinzi wanakuzunguka wakisubiri uwajibu mmoja mmoja. Brotherhood ukiua wa kwanza unaunganisha hadi wa mwisho bila kupumua, na misheni unaweza kuirudia muda wowote.

Mzee wa Kodeksi:
Kichwa Ngumu, mada ni AC II. Ila hilo la kurudia misheni umeligusa pabaya, maana AC II hairuhusu, na kwenye PS4 kuna kombe (tuzo ya PlayStation) moja linalopotea moja kwa moja: Fly Swatter. Unalipata kwa kumpiga teke mlinzi ukiwa kwenye mashine ya kuruka ya Leonardo da Vinci, sura ya 8, Venice. Nakili hifadhi yako kwenye flashi kabla ya kuanza. Ukiwa hewani pita juu ya mioto ya wezi upate kupanda, kisha shuka usawa wa walinzi wa paa. Ukiona Palazzo, jumba unalolifuata, inakaribia na hujampiga hata mmoja, jiangushe makusudi uanze upya. Ukitua tu, imekwisha. Nakala ya zamani ya kompyuta haina makombe, kwa hiyo huko usijisumbue.

Kurasa za kodeksi, kitabu cha kale unachokikusanya, ziende mbele ya manyoya. Zote 30 ni lazima kabla ya mwisho, na kila nne zinaongeza kisanduku kimoja cha uhai. Walinzi wa milango ya zilipo kurasa usipigane nao. Kodi makahaba kwa florini 150 wawavute pembeni. Pesa ijengeni Monteriggioni, kijiji cha familia ya Ezio, mapema: mapato huingia kila dakika 20, lakini sanduku likijaa yanasimama, kwa hiyo benki ikarabatiwe upesi. Manyoya hayamo kwenye ramani za kununua, zile ni za masanduku ya hazina. Hesabu ya kila mtaa iko kwenye menyu ya DNA. Minara mingine ya Venice haipandiki hadi Rosa, mwizi wa Venice, akufundishe kurukia juu, usiilazimishe.

Kihistoria wamecheza vizuri. Bernardo Baroncelli, aliyemchoma Giuliano de' Medici tarehe 26 Aprili 1478, kwenye gemu anauawa San Gimignano. Kwa kweli alikimbilia Istanbul, akarudishwa, akanyongwa Florence mwaka 1479, na Leonardo akamchora akining'inia.

Mpanda Minara:
Shukrani, mzee. Na makaburi sita yenye mihuri? Kila anayelisimulia la San Marco, kanisa la Venice, analalamika kuhusu kuruka upande usio wenyewe.

Dada Pedi:
Ni kamera. Mwelekeo wa kijiti unapimwa kutokana na kamera ilivyo, na makaburini kamera hugeuka yenyewe katikati ya mbio. Kijiti hujakigusa, Ezio anaenda pembeni. Achia kijiti, subiri kamera itulie, elekeza upya, ndipo ushike kitufe cha kukimbia na kuruka. San Marco kuna saa inayohesabu, lakini kusubiri huko ni kufupi kuliko kuanguka na kupanda upya. Mihuri sita ya makaburini inafungua vazi la Altaïr, shujaa wa gemu ya kwanza, ambalo halihitaji fundi wa kulitengeneza, kwa hiyo usimalizie pesa kwenye deraya za gharama za Venice.

Jini la Paa:
Switch tumeisahau. Ina kioo cha kugusa na mtetemo wake, fremu 30 vilevile. Nunua kama unachezea safarini. PS4 ikiwa tayari iko mezani, sioni sababu.