Taa gani inafaa kwa video za mapishi nyumbani, na kwa nini uso wangu unatoka na giza?

MpishiWaTanga aliandika:

Habari zenu ndugu. Ninarekodi video za mapishi ya pwani nyumbani kwangu Tanga, kwa simu na bila msaidizi, na huu ni mwezi wa nane tangu nianze kuziweka YouTube. Watazamaji wanayafurahia mapishi lakini wanalalamikia picha, na kila ninapozirudia kuzitazama naona wana haki. Jiko langu lina vigae vyeupe ukutani, dirisha moja linaloelekea mashariki, na taa ya tyubu darini. Nikirekodi asubuhi, nondo za dirisha huchora vivuli vya mistari mezani na usoni mwangu. Nikirekodi usiku, picha nzima hupitiwa na mikanda ya giza inayopanda na kushuka, ingawa kwa macho yangu taa imetulia kabisa. Iwe asubuhi au usiku, vigae vinang'aa na uso wangu unafifia mpaka macho hayaonekani. Wiki iliyopita nilipika samaki wa kupaka, na tui lililokolea manjano likatoka na ukijani uliofanya chakula kionekane kimechacha. Nilisikitika sana, kwa sababu pishi lile nilifundishwa na mama yangu mzazi na nilitaka lionekane kwa heshima yake.

Nimejiwekea akiba ya kununua taa ya duara, ile kubwa yenye stendi ambayo wengi wanaitumia. Kabla sijatoa fedha, naomba kuelimishwa kama taa hiyo itaondoa matatizo haya, au kama kuna jambo la msingi ambalo sijalielewa.

MzeeWaStudio alijibu:

Binti yangu, usinunue kitu kwa sasa. Umetaja matatizo manne tofauti, na taa ya duara ingegusa moja tu, tena nusunusu. Nianze na uso, kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi: nimepiga picha za watu tangu enzi za filamu, na nimewasikia wengi mno wakiilaumu ngozi yao wakati kosa lilikuwa la kamera au la aliyeishika.

Kamera ikiachwa ijiamulie, hupima mwanga wa picha nzima, kisha huongeza au kupunguza mpaka wastani wake ukaribie kijivu cha kati. Picha yako ikijaa vigae vyeupe, kamera huhesabu kwamba mwanga umezidi, hivyo hupunguza kila kitu, na uso wako unazama pamoja na vigae. Jambo hili lina historia ndefu. Katika maabara za kusafishia filamu, rangi zilikuwa zikisawazishwa kwa kadi za mfano za kampuni ya Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, na kwa miaka mingi aliyeonekana katika kadi hizo alikuwa mwanamke wa Kizungu peke yake. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi zetu zikatoka kama masizi. Simu za leo zimepiga hatua kubwa, lakini mbele ya ukuta mweupe bado zinahitaji kuelekezwa.

Kwa kuwa huna msaidizi, chukua mbuzi ya kukunia nazi au kipande cha ubao wa mninga, kiweke juu ya stuli usawa wa kichwa pale utakaposimama, kiguse kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka kipimo cha mwanga kifungwe. Kisha kiondoe na usimame wewe. Pia funika sehemu ya vigae iliyo nyuma yako kwa mkeka au kitambaa cha rangi iliyokolea, nawe utaona tofauti kabla hujawasha taa yoyote.

Jambo la pili ni ukubwa wa chanzo cha mwanga na mahali kilipokaa. Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi kiasi watu wanavyodhani, bali hupendeza kwa mng'ao. Chanzo kikubwa kilichokaa ubavuni huweka mng'ao mpana na laini kwenye shavu na paji la uso, na hapo umbo la sura linajitokeza, ilhali taa ndogo kali inayotoka mbele huacha madoa meupe puani na kulifanya lililobaki kuwa bapa. Chanzo kikubwa kuliko vyote unacho tayari, nacho ni dirisha, ila si hilo la mashariki wakati wa asubuhi. Sisi tulio kusini mwa ikweta, kuanzia mwisho wa Machi hadi karibu mwisho wa Septemba, jua huchomoza, hupita na kuzama likiwa upande wa kaskazini, kwa hiyo katika mwezi huu wa Julai dirisha linaloelekea kusini halipigwi na jua la moja kwa moja hata kidogo. Kama unalo la namna hiyo sebuleni, hamishia meza ya kuandalia huko, usilipe mgongo dirisha, bali likae upande wako wa kushoto au kulia na mbele kidogo. Upande wa pili simamisha manila nyeupe ili irudishe mwanga kwenye shavu lenye kivuli. Ukilazimika kubaki jikoni, rekodi baada ya saa saba mchana jua likiwa limeliacha dirisha, au tundika chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili ili kivunje vivuli vya nondo.

Angalia pia unachovaa. Khanga nyekundu hurusha wekundu kidevuni, na hakuna taa itakayouondoa.

FundiMwanga alijibu:

Mzee amemaliza habari ya uso, nami nichukue mikanda na ukijani.

Umeme wa gridi hapa kwetu una masafa ya hezi 50, na taa zisizo na kifaa kizuri cha kutuliza mkondo hung'aa na kufifia mara 100 katika kila sekunde. Jicho halitambui, lakini simu husoma picha mstari baada ya mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo baadhi ya mistari husomwa taa iking'aa na mingine ikiwa imefifia, na hiyo ndiyo mikanda unayoiona. Tiba yake haigharimu chochote: pakua programu ya kamera inayokuruhusu kuweka mwenyewe muda wa shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga wa kila picha, uuweke kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde ili kila mstari upate mzunguko mzima wa taa, na urekodi fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde. Fremu 30 ambazo simu nyingi hupendelea zina asili yake katika televisheni ya Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60.

Ukijani una sababu mbili. Kwanza, mwanga wa tyubu una kijani kingi kuliko macho yetu yanavyoripoti, kwa sababu ubongo huzoea na kusahihisha. Pili, unachanganya taa hiyo na mwanga wa dirisha. Mwanga wa mchana una joto la rangi, yaani kipimo cha ubluu au umanjano wa mwanga, la takriban Kelvin 5,600, balbu ya njano ya zamani ina takriban 2,700, na kamera haiwezi kuzisawazisha rangi mbili kwa wakati mmoja. Ukitumia dirisha, zima tyubu. Ukitumia taa, funga pazia.

Siku utakapokwenda dukani, usivutiwe na wati wala wingi wa vibalbu. Tafuta kipimo cha uaminifu wa rangi kinachoandikwa CRI, ambacho kikomo chake ni 100, na usichukue taa iliyo chini ya 95 kwa kazi ya chakula. Kipimo hicho ni wastani wa rangi nane zilizopauka, na wekundu uliokolea haumo. Huo hupimwa peke yake kwa jina la R9. Taa yenye CRI ya 80 inaweza kuwa na R9 inayokaribia sifuri, na wekundu huo ndio uliomo katika nyanya, nyama, na ngozi ya binadamu wa rangi yoyote. Mwombe muuzaji aiwashe, uipunguze mwanga hadi nusu, kisha uirekodi kwa mwendo wa polepole. Ikionekana kumetameta, iache palepale.

MpishiWaTanga aliandika:

Shikamoo mzee wangu, na asante sana fundi. Jana nilihamia sebuleni kwenye dirisha la kusini, nikafunga kipimo kwa mbuzi ya nazi, na kwa mara ya kwanza macho yangu yanaonekana kwenye video. Mume wangu alidhani nimeazima kamera.

Hata hivyo, siku za kazi narudi nyumbani jioni, na huku kwetu ikifika saa kumi na mbili na nusu giza linaanza kuingia, kwa hiyo taa nitaihitaji. Ninavaa miwani, na umeme hukatika mara kwa mara. Je, hali hiyo inabadilisha ushauri?

MwalimuWaMombasa alijibu:

Dada, naomba kutofautiana kidogo na mzee kuhusu taa ya duara. Mimi hufundisha hesabu kwa video nikiwa nimeketi mbele ya kamera, na kwa kazi hiyo taa ya duara imenitosha kwa miaka mitatu. Kwa kazi yako, lakini, singeinunua, na sababu ya kwanza ni miwani. Mwanga hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, na taa inayokaa sambamba na kamera hurudi moja kwa moja kwenye kamera ikiwa duara mbili zinazoyafunika macho. Taa yako inapaswa kukaa juu ya usawa wa kichwa na ubavuni, na mikono ya miwani uiinue kidogo tu juu ya masikio ili vioo vitazame chini.

Ningekushauri kununua taa moja nzuri ya LED ya video ya takriban wati 60, ya Kelvin 5,600, yenye kifungio cha Bowens (aina ya kishikio cha mbele ya taa), kwa kuwa softiboksi, yale maboksi ya kitambaa yanayolainisha mwanga, za watengenezaji wengi huingia katika kifungio hicho. Chagua softiboksi yenye upana wa sentimita 90 na uilete karibu mpaka ibaki nje ya picha kidogo tu. Ukaribu una nguvu kuliko wati: ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaokufikia unabaki robo. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni na ukuta ukiwa mita 3 kutoka kwenye taa, ukuta hupata sehemu moja ya tisa ya mwanga wa uso, na tatizo la vigae linapungua lenyewe. Kwa matumizi ya saa nne, taa hiyo hula uniti 0.24 za LUKU. Nyingi zina feni, kwa hiyo maikrofoni iwe karibu na mdomo wako na mbali na taa.

Kwa siku za kukatika umeme, weka taa ndogo ya wati 20 inayotumia betri za kamera za video. Betri ya volti 7.4 yenye uwezo wa mAh 6,600 ina takriban watisaa 49, nayo itakuvusha zaidi ya saa mbili, muda wa kutosha kumaliza pishi lililokwisha kuanza. Umeme ukiwapo, taa hiyo ndogo iweke nyuma ya sufuria ikielekea kwenye kamera kwa pembe, nje ya picha. Mvuke wa pilau hauonekani ukimulikwa kutoka mbele. Humulikwa kutoka nyuma, penye mandhari ya giza, na mafuta juu ya mchuzi hupata uhai wake hapohapo.

Stendi iwe mbali na jiko la gesi, kwa maana kitambaa cha softiboksi hushika moto, na kwenye mguu wake funga dumu la lita 5 lililojaa maji ili stendi isianguke mtoto akipita mbio.