Ushauri: nichukue kiti cha saluni au fremu yangu mwenyewe ya kuchora tatuu?

Mchoraji wa Sinza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nachora tatuu hapa Dar na ndiyo kazi inayonilisha. Mpaka sasa nawafuata wateja majumbani na nimechoka nayo: taa hafifu, watoto wanapita, umeme ukikatika mteja anabaki na mchoro nusu. Nataka sehemu moja inayojulikana.

Zimejitokeza njia mbili. Mwenye saluni ya kiume Mwenge ananipa kiti na kona ya nyuma. Kodi silipi, ila kila kazi anachukua asilimia 40. Ya pili ni fremu Sinza, 250,000 kwa mwezi, mwenyewe anataka miezi sita kwa mkupuo na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Kabla sijanunua hata taa, 1,750,000 imeondoka. Ninayo, lakini ndiyo akiba yangu yote. Mwezi wa kawaida naingiza kama 700,000, mwezi mbaya 400,000.

Mwenye uzoefu anisaidie. Kazi hii naipenda na nataka niifanye kwa heshima yake.

Kinyozi wa Kijitonyama

Mkuu, asilimia 40 ya 700,000 ni 280,000. Fremu ni 250,000, ukiongeza LUKU, maji, taka na mlinzi utapita 300,000. Kwa hiyo kiti ni nafuu kidogo, na mwezi mbaya ndipo kinakuokoa: utatoa 160,000 tu, wakati mwenye fremu hajui mwezi mbaya.

Lakini 40 ni kubwa mno kwa mtu anayekuja na mashine yake, wino wake na wateja wake. Omba kiwango kimoja cha kila wiki, au asilimia ihesabiwe baada ya kutoa gharama ya sindano na wino. Halafu muandikishane kwamba ukiondoka, namba za wateja na picha za kazi zako unaondoka nazo. Nimeona kijana katolewa saluni, picha zake zikabaki ukutani zikimwitia wateja mtu mwingine. Iliniuma.

Nesi wa Temeke

Mdogo wangu, hela tuiache kwanza. Saluni ya kiume ina feni, nywele zinaruka, poda iko hewani, na wewe umemfungua mtu ngozi. Hiyo kona ina ukuta na mlango? Kama haina, ikatae hata wakikupa bure.

Virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, hata pale ambapo damu huioni kwa macho. Ndiyo maana chumba chochote utakachokwenda kukiangalia, anza na maji. Kuna sinki humohumo ndani, lenye bomba linalotiririka? Ndoo na kopo havitoshi. Sakafu iwe ya vigae, kitanda kiwe cha kufutika, zulia lisiwepo. Damu ikidondoka, ifute kwanza, kisha pitisha JIK, ile dawa ya klorini: ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, uiache dakika 10.

Sindano zote zikishatumika ziingie kwenye boksi gumu la njano. Likifika robo tatu, lifunge. Na hapa ndipo wengi hawajiulizi: linakwenda wapi? Zungumza na kituo cha afya chenye tanuri la kuchomea kabla hujalipia chumba, maana si kila kituo kinapokea taka za watu wa nje. Usithubutu kulipandisha kwenye gari la taka la mtaa. Wale vijana wanazoa kwa mikono mitupu na wana watoto nyumbani.

Na chanjo ya hiyo homa ya ini B umechoma? Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita.

Mchoraji wa Sinza

Dada, ahsante sana. Kona ina pazia tu, na sinki liko mbele, lilelile wanaloshea wateja nywele. Natumia kadiriji za kutupa, yaani vichwa vya mashine vyenye sindano ndani, kila mteja yake. Chanjo nimeshaanza.

Nesi wa Temeke

Basi jibu la kiti umeshalipata.

Baba Mwenye Fremu

Naongea kama mpangishaji. Kijana, mwambie mwenye nyumba kazi yako ilivyo kabla hujatoa hela. Ukiandika "urembo" na mwezi wa pili jirani akalalamika kwamba umeleta wahuni, utatolewa na kodi yako ya miezi minne kuirudisha itakuwa vita. Iandikwe kwenye mkataba: kuchora tatuu. Akikataa, umeokoa 1,500,000.

Lingine ni kodi ya serikali. Ukipeleka mkataba TRA, mamlaka ya mapato, utakutana na zuio la asilimia 10 ya kodi ya pango na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Lile zuio ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe unakata kwenye hela yake na kuipeleka kwa niaba yake. Kwa 1,500,000, yeye anapokea 1,350,000 na 150,000 inakwenda TRA. Wenye nyumba wengi watakwambia "hiyo utajua mwenyewe". Mlimalize mdomoni mapema, kisha liingie kwenye karatasi. Na mtu akikutajia kilemba, yaani hela ya kuachiwa chumba, uliza mara mbili: kilemba si kodi na hakirudi.

Binti wa Ubungo

Mimi ni mteja. Fremu za barabarani mbele ni kioo kitupu. Nilitaka mchoro mgongoni, nikageuka mlangoni kwa sababu kila anayepita angeniona. Ukichukua fremu, omba ruhusa ya kugawa chumba kwa jipsam, na mkubaliane ukiondoka inabaki ya nani.

Msanii wa Nairobi

Kaka, mbona umejifunga na njia mbili? Mteja wa tatuu hatembei barabarani akaona bango akaingia kama anayenunua soda. Ameona kazi yako kwa simu, ameweka miadi, ametuma kianzio. Atapanda ngazi. Huku mjini tulitoka kwa stoli za chini zenye watu kibao, na gudwili yake, ndiyo hicho kilemba, haishikiki, tukachukua chumba cha juu watu wawili, kodi tunagawana nusu kwa nusu. Tunashikiana zamu ya usafi. Mmoja akisafiri, wateja hawakuti mlango umefungwa.

Mchoraji wa Sinza

Hili sikuwa nimelifikiria kabisa. Kuna mwenzangu anachora Tabata, kazi yake safi, naye anahangaika hivihivi. Nimempigia, kesho tunakwenda kuangalia vyumba vya ghorofani Mwenge na Sinza. Saluni nimemjibu kwamba sitaweza, nikamshukuru. Kuna kingine cha kuangalia huko juu?

Kinyozi wa Kijitonyama

Fungua bomba saa kumi jioni, usiende asubuhi. Ghorofani ndipo maji yanapokatikia. Uliza kama kuna simtanki juu na nani analipia kupandisha maji. LUKU iwe mita yenu peke yenu. Na ngazi ziwe na taa, maana kazi kubwa zinaisha usiku.