Muuza dawa kaniambia fukusi "wamevurugwa" kisa madume wanapandana, gunia nne za kunde zimekwisha

Wakuu nina hasira mpaka usingizi sipati. Niko Moshi, nanunua kunde huko Same na Mwanga wakati wa mavuno naweka stoo nasubiri bei ipande. Juzi kati fukusi wakaanza, nikaenda duka moja la pembejeo hapa mjini nikauziwa dawa ya unga, nikachanganya kama alivyonielekeza.

Siku ya nne dogo, mtoto wa dada yangu, anasoma kilimo, akamwaga kunde kwenye sinia tukachungulia. Dume kapanda mgongoni kwa dume mwenzake, pembeni wengine wawili hivyo hivyo! Dogo akanionyesha, jike ni mkubwa kidogo na huku nyuma ana mabaka meusi, hawa hawakuwa nayo. Nikarudi dukani kuuliza, jamaa akanijibu ndo dawa hiyo mangi, imewavuruga, hao hawazai tena, kaa kwa amani.

Na mimi nikakaa! Wiki ya nne nafungua gunia mkono unazama kwenye vumbi, kila punje ina tundu la mviringo kama limetobolewa na msumari, mayai meupe yamegandia kwenye maganda, gunia lenyewe lina joto.

Dogo ikabidi aingie kusoma. Aisee kumbe fukusi wa kunde wanafanya hivyo hata ambao hawajawahi kunusa dawa! Mwaka 2013 watafiti Scharf na Martin walipitia tafiti za wenzao wakakuta tabia hiyo kwenye aina kama 110 za wadudu na jamaa zao buibui, na mara nyingi sababu ni dume kukosea tu. Fukusi mkubwa anaishi kama wiki mbili, dume akianza kukagua huyu nani jike anamponyoka, kwahiyo anapanda yeyote aliye mbele yake. Hata kunguni dume anamrukia yeyote aliyetoka kushiba damu. Sasa dume akishampanda mwenzake si anashuka anaenda kwa jike, na jike mmoja anataga mayai mpaka mia! Uvurugwe uko wapi hapo?

Angesema sijui ningehamishia mzigo kwenye mifuko isiyopitisha hewa siku ileile, wadudu wakakosa pumzi wakafa. Jana nimemfuata anadai nilichanganya vibaya. Risiti ninayo, na pakiti ya dawa nimeitunza. Aliyewahi kurudishiwa hela na hawa watu aniambie alianzia wapi.