Dhahabu yatoka baharini ikimeta, fedha yatoka jiwe jeusi: kwa nini, na isafishweje?

Mtumbwi_7:
Wakuu, salaam. Kile kidani cha mjusi wa dhahabu chenye rubi, kutoka Girona, meli ya Hispania iliyovunjika Lacada Point, Ireland ya Kaskazini, Oktoba 1588, kinang'aa kama kimetoka kwa sonara jana. Fedha ya umri uleule hutoka nyeusi, imegandamana. Bahari ni ileile, tofauti yatoka wapi? Na msalaba wa fedha au rozari ikinaswa na wavu, uanzie wapi? Wengi hukimbilia ndimu.

Karakana_ya_Makumbusho:
Mkuu, dhahabu haishikwi na chumvi wala oksijeni. Kinachoidhuru ni mchanga na mawe, kwa kuwa ni laini: hukwaruzika na kupinda. Fedha huliwa na gesi inayonuka yai viza, inayotolewa na bakteria wa kwenye matope yasiyo na hewa, nayo hugeuka salfaidi nyeusi. Fedha iliyogusana na chuma huwa na nafuu, maana chuma huliwa kwanza.

Jambo la kwanza: kisikauke. Kitie kwenye ndoo ya plastiki yenye maji ya bahari, uandike kilipopatikana na kina chake. Kikikauka, chumvi iliyojificha ndani huwa fuwele, hutanuka, na uso unabanduka. Kisha maji ya bomba, mwishoni maji yaliyokenekwa, ukibadilisha kila wiki. Kupima: chota maji kidogo, tia tone la asidi ya nitriki, halafu matone mawili ya nitrati ya fedha. Wingu jeupe likitokea, chumvi bado imo. Kazi hii huchukua miezi, na kuikatisha ndiko kunakoharibu vitu vingi.

Usigonge gamba gumu lililogandamana juu yake kabla ya eksirei. Ikionyesha kiini cha fedha kimebaki, fanya elektrolisisi, yaani kusafisha kwa umeme: msalaba upande hasi, wavu wa chuma cha pua upande chanya, kwenye kostiki soda ya 2 hadi 5%. Umeme uwe mdogo. Ukizidi, mapovu ya gesi yanaung'oa uso wenye nakshi. Kiini kikiwa kimekwisha, acha kabisa: nakshi zote zimo ndani ya ule weusi, ukiuondoa huna msalaba tena.

Lulu_na_Marijani:
Kuhusu ndimu na siki: gamba ni chokaa, lulu na marijani nazo ni chokaa. Asidi haibagui. Enameli nayo ni kioo kilicholiwa na maji ya bahari karne nyingi. Ikikauka haraka inapukutika. Zumaridi zina nyufa za asili, kwa hiyo mashine ya mawimbi ya sauti ya masonara ni marufuku. Shanga za mbao na pembe za ndovu zibaki majini mpaka mtaalamu azipokee.

Vibweta vya Agnus Dei, kama kile cha Girona, visifunguliwe kwa nguvu wala kupashwa moto: vilitengenezwa kubeba vipande vya nta ya mshumaa wa Pasaka iliyobarikiwa na Papa, na mabaki yake yanaweza kuwa bado yamo.

Mtumbwi_7:
Asanteni sana. Na kikipatikana huku kwetu?

Karakana_ya_Makumbusho:
Mombasa, kipeleke Fort Jesus kikiwa ndani ya ndoo yake. Vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mbele ya ngome hiyo 1697 na kuchimbuliwa 1977 hadi 1980, vimehifadhiwa hapo. Usirudi kuchimbua mwenyewe. Mahali kilipolala hueleza mengi kuliko kito chenyewe.