Fundi wa AC kaniambia "hiyo siyo kelele, hiyo ni nguvu" mbele ya mama mkwe wangu!

Wakuu, nina hasira, nisomeni hivyo hivyo.

Jana jioni, kwangu Chuno hapa Mtwara, mbele ya mke wangu na mama mkwe aliyeshuka kutoka Newala, yule fundi kaipiga kiganja AC inayonguruma kama mashine ya kusaga, akanikazia macho, akasema: "Bosi, hiyo siyo kelele. Hiyo ni nguvu."

Nguvu!

Simtaji. Mnamjua. Pikipiki nyekundu, ngazi kaifunga ubavuni, simu mbili na zote hapokei akishalipwa. Nusu ya AC za Shangani kafunga yeye, nusu iliyobaki kaharibu yeye.

Nyumba yangu ni chumba na sebule, ukuta wa bloku. Nilimwomba mashine ya nje aiweke chini, nyuma ya jiko, penye zege. Akasema bomba litakuwa refu. Kaitundika ukutani, sawasawa na kichwa cha kitanda upande wa ndani. Kompresa ikiwaka ukuta mzima unatetema. Nimeweka glasi ya maji pale kwenye kimeza: maji yanapiga viduara kama dimbwi likinyeshewa. Inakata, kimya, usingizi unaanza kunijia, dakika kumi tu, GRRRRR! Mwanangu wa miaka miwili hajui kusema "shikamoo" lakini "grrr" anaijua.

Nikapanda ndoo nichungulie. Kati ya mguu wa mashine na breketi panatakiwa raba. Yeye kaweka boksi. Boksi la tambi wakuu! Kalikunja mara nne, mvua imeshalilowesha, maandishi bado yanasomeka. Bolti moja haina nati. Nikamwita, nikamwonyesha boksi kwa kidole. Ndipo akapiga kiganja. "Hiyo ni nguvu." Na mama mkwe akaitikia kwa kichwa kama aliyepata elimu!

Joto hili la Desemba mnalijua, kuzima siwezi, kuwasha siwezi. Nimenunua AC ndogo ya BTU 9,000, nalala na lori la korosho linapandisha Mikindani. Nguvu ya nini? Naomba mtu aniambie, NGUVU YA NINI?

Pweza wa Feri: Pole mkuu. Ila sema ukweli, ulipunguziwa bei ya ufundi? Fundi akikubali bei yako bila kubishana, jua boksi la tambi linahusika.

Dada Ligula: Ni huyo huyo! Kwangu kaweka kandambili. Kakata kandambili ya mwanangu ya kushoto, ya kulia ninayo mpaka leo.

Mtoa uzi: Dada, na wewe alikuambia ni nguvu?

Dada Ligula: Mimi kaniambia "inajizoesha nyumba".

Mjomba Naliendele: Kijana, punguza jazba usikilize. Ishushe chini kwenye zege, miguu yote minne ikalie raba nene, pima kwa pima maji ikae sawa. Ukuta wa bloku ukiutundikia mashine unakuwa umetengeneza ngoma. Bomba nalo lisiguse ukuta pale linapopenya, zungushia sponji. Ukisikia kugonga badala ya kunguruma, tazama pangaboi la nje na bolti zake, hewa ya chumvi ya huku inakula chuma haraka. Na safari nyingine tafuta ya inveta, ile haiwaki na kukata kwa kishindo, inapunguza mwendo yenyewe.

Mtoa uzi: Shikamoo mjomba. Nimekuelewa, kesho natafuta mtu wa zege. Lakini mjomba, KANIPIGIA KIGANJA AC YANGU akasema ni nguvu!

Mjomba Naliendele: Marahaba. Lala kwanza.

Korosho Ghafi: Mtoa uzi usiguse hiyo mashine mpaka mama mkwe arudi Newala. Kelele hiyo ndiyo inayomzuia asisikie mnayomsema.

Mtoa uzi: Msilete utani, siku ya tatu hii sijalala.

Mtu wa Mtuleni: Nyie watu wa Mtwara mnalia na AC? Huku Lindi jirani yangu ana jenereta kaliweka chini ya dirisha LANGU, moshi kwangu, taa kwake. Gesi inatoka Mnazi Bay hapo chini, bomba limetupita limekwenda mpaka Dar, mimi navuta moshi wa petroli.

Pweza wa Feri: Hilo la gesi tukilianza hatulali leo.

Korosho Ghafi: Jenereta lina afadhali, mafuta yanaisha. Mimi jirani ana jogoo anayewika saa saba usiku.

Mtu wa Mtuleni: Saa saba? Huyo siyo jogoo, ulizia vizuri.

Dada Ligula: Mnunue umle. Mimi kwetu ni baa, spika wameielekeza chumbani kwangu kama wananidai.

Korosho Ghafi: Nimetaka kumnunua, anataja bei ya mbuzi.

Mtu wa Mtuleni: Kwani kuku wa kienyeji huko siku hizi anakwenda bei gani?