Sarafu ya Ufaransa ya 1873, ni silva kweli au nimepigwa?

mpya_kwenye_sarafu: Wakuu habari zenu. Kuna jamaa kaniuzia sarafu ya Ufaransa ya faranga 5, upande mmoja kuna mzee ana ngozi ya simba kasimama katikati ya wanawake wawili wameshikana mikono, upande wa pili kuna shada la majani, 5 FRANCS, 1873 na herufi A. Inang'aa kweli kweli. Yeye anaapa ni silva. Naijuaje?

mzee_wa_sumaku: Chukua sumaku tu mkuu, isiponasa hiyo ni silva, mambo yameisha.

fundi_ubavu: @mzee_wa_sumaku hapana aisee usimpoteze mwenzio, shaba hainasi, shaba nyeupe hainasi, risasi hainasi, sumaku inakamata feki za chuma au nikeli tu. Mleta mada, huyo mzee ni Hercules, shujaa wa hadithi za Wagiriki, wale wawili ni Uhuru na Usawa, mchoro ni wa mchongaji Augustin Dupré tangu enzi za mapinduzi ya Ufaransa, walikuja kuurudia 1870 mpaka 1878. A inaonyesha ilitengenezwa Paris, ingekuwa K ni Bordeaux. Pembeni ya hiyo A kuna vialama viwili, nyuki na nanga, kwenye feki utakuta vidonge tu visivyoeleweka.

Ila mimi picha za mbele na nyuma huwa sizihangaikii sana, nipe ubavu, ule ukingo wa pembeni. Ya kweli ina maandishi yaliyoinuka ubavuni, DIEU PROTEGE LA FRANCE (Mungu ailinde Ufaransa) na vinyota, na yameinuka sababu bangili ya kufulia, ile pete inayobana sarafu wakati inagongwa, ilikuwa vipande vitatu vinavyoachana, ukiangalia kwa lenzi mara nyingine unaona kimstari pale vilipokutana. Mafeki wengi hapo ndo wanachoka, wanaweka vimeno vya kawaida. Halafu ishike kushoto na kulia uigeuze juu kwenda chini kama unafunua kalenda ya ukutani, picha ya pili inatakiwa ije imesimama sawa, siyo kichwa chini.

gramu_25: Mizani kwanza jamani! Inatakiwa gramu 25, upana milimita 37, silva asilimia 90. Iliyochakaa inapungua kidogo, 24.7 hivi sina shida nayo, lakini 22 hapana. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa chini. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba itakayosoma, unapata msongamano wake, na kwa silva hii unatakiwa upate kama 10.3. Na tafadhali usiisugue na dawa ya meno, wakusanyaji wanakimbia sarafu iliyosuguliwa.

mpya_kwenye_sarafu: Nimerudi. Sumaku haijanasa, nikafurahi mapema. Mizani 21.4. Nikasema labda imechakaa, lakini mbona ndevu za mzee zinaonekana zote?? Ndani ya maji 2.5, nikigawanya napata 8.5 na kidogo. Ubavuni vimeno vitupu, hakuna Mungu wala Ufaransa.

gramu_25: Hiyo 8.5 ni shaba njano iliyochovywa rangi ya silva mkuu. Pole.

fundi_ubavu: Angalia sehemu zilizoinuka, goti la mzee hasa, kama kuna unjano unachungulia.

mpya_kwenye_sarafu: Upo 😭 Jamaa simu haipokei.

mzee_wa_sumaku: Mimi na sumaku yangu tunaomba radhi.