Tupeane uzoefu: gari, chumba au chombo chako kwenye app, nani anabaki na nini?

Mpita Njia wa Sinza (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kwenye makongamano wanaita uchumi wa kushirikiana. Waanzilishi wa Airbnb kule San Francisco walianza kwa kulaza wageni sebuleni kwao, kwenye magodoro ya kujaza upepo, ili wapate kodi ya nyumba. Kitu chako kimelala, mwenzako anakihitaji, simu inawakutanisha. Wazo halina ubaya. Uber ikaingia Nairobi 2015 na Dar 2016, ikafuata Taxify ambayo tangu 2019 inaitwa Bolt, na leo hata mama yangu anajua kuita gari.

Ila ninachokiona nikipanda ni kingine. Dereva si mwenye gari. Mwenye gari yuko ofisini Posta, au yuko mkoa, na anasubiri hesabu jioni, yaani hela yake ya kila siku. Sasa nani anashirikiana na nani hapo?

Madereva, mabosi wenye magari, wenye vyumba, abiria, karibuni. Kampuni iliyokuudhi usiitaje jina, uzi usije ukafutwa bure.

Gia ya Nne

Mkuu umenigusa. Mimi ni dereva wa Passo, Dar hii hii, na gari si langu.

Tuliokuwa kijiweni tulikuwa na mtu mmoja tu wa kumlipa, bosi. Hesabu yake kwa siku, mafuta yangu, kinachobaki changu. App ilipokuja, bosi hakuondoka. Hesabu iko pale pale, na juu yake kampuni inakata kamisheni kwenye kila safari. Gari moja dogo linalisha watu watatu, na wa mwisho kula ni aliyeshika usukani.

Mnakumbuka 2022? LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipanga nauli elekezi na kusema kamisheni isizidi asilimia 15. Tukashangilia. Mwezi wa nne Uber wakasimamisha huduma, wenzao nao wakapunguza, mwishowe LATRA ikapandisha kiwango hadi asilimia 25 na Uber wakarudi mwanzoni mwa 2023. Ile kelele yote ilikuwa juu ya mgawo wa kampuni na dereva. Hesabu ya bosi haikuguswa na mtu, kwa sababu haipo kwenye karatasi yoyote. Ni makubaliano ya mdomo, siku ukilaza gari gereji anaweza kukuelewa au akampa funguo mtu mwingine.

Sisemi app ni mbaya. Zamani ukimpeleka abiria Mbezi usiku unarudi mtupu mpaka Kariakoo. Sasa naweza kupata wa kurudi naye. Hilo siwezi kulikataa.

Dada wa Mwenge

Kaka Gia, samahani, nina swali la siku nyingi. Kwa nini mnapiga simu? Nimeweka ninapotoka na ninapokwenda, ramani unayo, bado simu inaita: "Dada unaelekea wapi? Unalipa cash au kadi?" Nikisema kadi kimya, au naambiwa nifute mimi. Halafu wengine ukishaingia ndani: "Dada kansel, tutaelewana." Mimi mwanamke, saa nne usiku, nifute safari ndiyo kitu pekee kinachoonyesha niko na nani?

Huwa namtumia kaka yangu ile linki ya safari anifuatilie. Safari ikifutwa, linki haina kazi.

Gia ya Nne

Dada una haki kabisa, na la kukwambia ufute usiku silitetei. Ukiambiwa hivyo shuka.

La kadi nikueleze. Hela ya kadi haiji mkononi mwangu. Inaingia kwenye akaunti, na akaunti nyingi zimesajiliwa kwa jina la mwenye gari. Inakaa siku kadhaa, ikifika inafikia kwa bosi, halafu mimi nianze kumkumbusha kwamba humo kuna yangu. Wakati huo taa ya mafuta inawaka na jioni anataka hesabu taslimu. Kwa hiyo nikikuuliza cash au kadi, nakuuliza kama nitaweza kuweka mafuta ya safari inayofuata.

Na "unaelekea wapi" ni foleni. Saa kumi na moja jioni nauli ya kuvuka mji inaweza kuishia kwenye mafuta ya kusimama.

Dada wa Mwenge

Aisee. Asante kwa kusema ukweli. Mimi nilijua ni ujeuri tu.

Kijana wa Tabata

Mwenye uzi, unatafuta aliyeshirikisha kitu chake kweli? Ni mimi. Gari langu, IST, nimenunua kwa mkopo wa kazini. Linalala nje ya ofisi kutwa nzima. Nikasema jioni nikitoka kazini niwashe app, nibebe wa njia yangu, nipate ya mafuta.

Kabla sijaanza nikamuuliza wakala wangu wa bima. Akanijibu bila kuzunguka: bima uliyokata ni ya matumizi binafsi, ukigonga ukiwa na abiria wa kulipia, usitegemee tukulipe. Ya biashara bei yake iko juu. Ongeza leseni ya usafirishaji, ongeza kamisheni. Nikakaa na kalamu. Kwa masaa mawili ya jioni hesabu haikubali hata kidogo. Ili ilipe, gari lazima litembee kutwa, na likitembea kutwa nahitaji dereva. Yaani narudi kuwa bosi wa Gia ya Nne!

Nimeacha. Nawabeba majirani wawili wa mtaani, tunachangia mafuta.

Mama Nyali

Hamjambo nyote, mimi niko Mombasa. Magari siyajui, nizungumzie nyumba.

Dada yangu yuko ng'ambo, ana fleti ya vyumba viwili. Mpangaji wa mwaka alipotoka tukaamua tuiweke kwa wageni wa siku chache. Watu husema pesa ya kulala. Nani alale! Mashuka ni mimi, kufua ni mimi, tokeni za stima zikiisha usiku wa manane napigiwa simu mimi, kwa sababu mgeni amewasha AC na amefungua madirisha asikie bahari. Mwezi wa Disemba mapato huzidi kodi ya kawaida mara kadhaa. Mwezi wa Mei mvua inanyesha, fleti tupu, na ada ya ulinzi na maji ya jengo haingoji msimu.

Mmoja alinipa nyota tatu. Sababu? Adhana ya alfajiri. Nimeongeza kwenye maelezo, sentensi ya kwanza kabisa, kwamba msikiti uko karibu na sauti inafika. Tangu hapo wengine huja kwa ajili hiyo hiyo.

Kinachonikera zaidi ni vijana wanaokodisha fleti kwa mwaka kama wapangaji wa kawaida kisha wanaigeuza ya wageni bila kumwambia mwenye nyumba. Majirani hawajui nani anaingia, mlinzi hajui amzuie nani. Jengo letu sasa linataka jina na kitambulisho cha kila mgeni getini, na mimi naliunga mkono ijapokuwa linanisumbua.

Na nyinyi wa Dar msidhani Kenya ni nafuu. Kanuni za 2022 zilisema kamisheni ya teksi za app isipite asilimia 18. Lakini 2024 madereva wengi wa Nairobi walichapisha bei zao wenyewe wakazibandika ndani ya gari. Waita kwa app, walipa kwa karatasi.

Mkulima Mbarali

Huku kwetu trekta na pawatila tunakodishana tangu zamani, hakuna app. Kuna dalali, anakula chake kwa ekari. Hiyo app yenu ni dalali tu mwenye simu.

Gia ya Nne

Mkuu dalali unamfuata nyumbani mkapatana. Nilifungiwa akaunti mwaka jana kwa malalamiko ya abiria ambayo sikuelezwa ni ya nini. Naandika, najibiwa na meseji ile ile ya shukrani. Wiki nzima bosi anadai hesabu ya gari lililosimama. Akaunti ikafunguliwa yenyewe, bila maelezo.

Mtanzania Lyon

Niko Ufaransa, naongeza la huku. BlaBlaCar ni ya hapa. Mtu anakwenda Paris na gari lake, siti tatu ziko wazi, anatangaza. Sheria ya huku: abiria wanachangia mafuta na tozo za barabara, dereva haruhusiwi kupata faida. Akizidisha, si kuchangia tena, ni usafirishaji, na bima inaweza kumkataa. Nimesafiri hivyo mara nyingi, mara na mwalimu, mara na bibi mmoja na mbwa wake. Lakini hakuna anayelipa ada ya mtoto kwa kazi hiyo. Anaishi kwa mshahara wake, gari lilikuwa linakwenda tu.

Mpita Njia wa Sinza

Ndugu wa Lyon, hapo ndipo nilipokuwa natafuta. Kushirikiana kwao kunahitaji mtu ambaye tayari ana gari na tayari ana mshahara. Hapa mwenye gari na mshahara ni bosi, na alichokitoa si siti iliyo wazi, ni ajira isiyo na mkataba. Kijana wa Tabata na majirani zake ndio pekee uzi huu wanaofanana na wale wa Lyon, na hawatumii app yoyote.

Gia, swali moja: umewahi kumwomba bosi akaunti isajiliwe kwa jina lako?

Gia ya Nne

Nilimwomba. Akasema na kadi ya gari basi niandike jina langu.

Dada wa Mwenge

😂 Pole kaka. Mabosi wenye magari mko humu na mnasoma tu, semeni basi na nyie.